Mwana-punda Aliyekosa Dang'a: Tumpe Nini?



Kwenye mikutano ya vikundi tunaulizwa sana habari za mbuzi na ngamia. Habari za punda tunaulizwa mara chache, kama kwamba punda ni jiwe tu, hali wala haumwi. Lakini kila mmoja wetu anajua nani anabeba mitungi kutoka kisimani, nani anavuta mkokoteni pale Kakuma, na nani anabeba watoto wadogo na vyombo vyote siku ambayo adakar inahama. Basi leo tuzungumze juu ya punda, na hasa yule mdogo aliyezaliwa leo.

Swali lililotufanya tuandike lilitoka kwa mama mmoja wa kikundi cha kuchota maji, ng'ambo ya laga ya Tarach. Alikuja asubuhi amechoka, hakulala. Akasema, "Punda yangu alizaa jana usiku, na saa hii yeye amekufa. Mtoto iko mzima, inasimama. Nimepea chai. Nimpe nini tena?" Tuliondoka naye. Mwana-punda alikuwa mzuri, masikio marefu, anatafuta kiwele kwenye miguu ya watu na kwenye ukuta wa nyumba. Chai ile ilikuwa na maziwa ya kopo na sukari nyingi, imetolewa kwa upendo kabisa. Siku ya pili alianza kuharisha, siku ya tatu magoti yakavimba, siku ya nne akafa. Mama aliuliza kama chai ndiyo iliyomwua. Jibu la kweli ni kwamba chai haikumsaidia, lakini kilichomwua zaidi ni kile alichokosa.

Alichokosa ni dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza kabisa, mazito, ya rangi ya manjano, yanayonata vidoleni. Sasa hapa lazima tueleze kidogo, maana watu wengi hudhani dang'a ni chakula kizito tu cha kumpa mtoto nguvu. Ni chakula, sawa, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Binadamu akiwa tumboni hupata kingamwili, ambazo ni kama askari wa kupigana na magonjwa, kutoka kwa damu ya mama yake. Kondo la punda haliruhusu askari hao wapite. Mwana-punda anazaliwa hana askari hata mmoja. Mama huwakusanya ndani ya kiwele wiki za mwisho za mimba, na mtoto huwapata kwa kunyonya. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia ni vivyo hivyo.

Na kuna jambo la saa. Utumbo wa mtoto mchanga una milango iliyo wazi ya kupitisha askari hao wazima wazima mpaka kwenye damu. Milango hiyo huanza kufungwa mara tu baada ya kuzaliwa. Saa sita za kwanza ndizo bora. Ikifika saa kumi na mbili, kinachopita ni kidogo. Baada ya saa ishirini na nne milango imefungwa, na hata ukimpa ndoo ya dang'a itakuwa ni chakula tu. Kwa hiyo yule mama alipokuja kwetu asubuhi bado alikuwa na nafasi. Chai ndiyo iliyokula ile nafasi.

Utajuaje kwamba mtoto hakunyonya, hasa kama mama yake yuko hai? Mwana-punda mzima husimama katika saa ya kwanza au karibu ya pili, na hunyonya muda mfupi baadaye. Angalia kiwele. Kikiwa kimejaa, kigumu, kinadondosha, na mtoto ana maziwa yaliyokauka usoni juu ya pua na paji, basi anasimama chini ya mama lakini hanyonyi. Anayenyonya vizuri huacha kiwele kikiwa laini, kisha hulala kidogo, huamka, na hunyonya tena. Angalia pia kama mama alikuwa anadondosha maziwa siku kadhaa kabla ya kuzaa. Huyo amemwaga dang'a yake mchangani, na atakayonyonya mtoto ni maziwa ya kawaida. Kamua matone machache kiganjani. Yakiwa mazito na ya manjano ni mazuri, yakiwa meupe na mepesi kama maji yaliyooshea kibuyu, usiyategemee.

Sasa tumpe nini? Tuanze na kilicho bora, tushuke.

Ya kwanza ni dang'a ya mama yake mwenyewe, hata kama mama amekufa. Watu hushtuka wakisikia hivi. Kama punda amekufa kwa shida ya kuzaa, na hajapita saa moja au mbili, kiwele chake bado kina kile mtoto anachohitaji. Osha kiwele, osha mikono, kamua kwenye chombo safi. Lakini kama alikuwa mgonjwa kabla ya kuzaa, au alikuwa anatupa mimba, au hamjui alikufa kwa nini na damu nyeusi inatoka puani au sehemu ya nyuma, msimguse wala msimpasue. Huo unaweza kuwa kimeta, na kimeta huua watu. Mwiteni mtu wa mifugo. Kama mama yu hai ila mtoto ni dhaifu, au mama anampiga mateke, mfungeni mama, mtu mmoja ashike kichwa kwa upole, mwingine akamue. Kiwele cha punda ni kidogo, hakina nafasi kama cha ng'ombe. Utapata kidogo kidogo, basi rudi kila saa.

Ya pili ni dang'a ya punda mwingine aliyezaa leo au jana. Mwacheni mtoto wake anyonye kwanza, halafu mkamue kiasi kama nusu ya chupa ndogo ya soda, si zaidi, ili msiibe cha mwenyewe. Punda wa jirani ana faida moja kubwa: amekunywa maji ya kisima kile kile na amelala katika vumbi lile lile, kwa hiyo askari wake wanawajua maadui wa hapo hapo.

Ya tatu, na hapa ndipo wengi wetu tutakapofika, ni dang'a ya ng'ombe. Imetumika kwa watoto wa farasi na punda katika nchi nyingi pale ambapo hakuna nyingine, na inasaidia. Lakini tuseme ukweli wake wote. Askari wa ng'ombe hawakai muda mrefu katika damu ya punda. Baada ya wiki moja na kidogo wengi wao wamekwisha. Tena wamefundishwa kupigana na magonjwa ya ng'ombe zaidi kuliko ya punda. Ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ila mtoto huyo msimchukulie kama amekingwa. Kama ng'ombe hakuna, dang'a ya mbuzi inaweza kutumika. Itachukua mbuzi wawili au watatu kupata ya kutosha, na wana-mbuzi wao lazima wabakiziwe.

Ng'ombe au mbuzi huyo awe mzima, asiwe aliyewahi kutupa mimba. Tunasisitiza hili kwa sababu ya ugonjwa wa kutupa mimba, ambao huwapata mifugo wetu na huwapata watu pia, ukaleta homa isiyokwisha na maumivu ya viungo. Anayekamua anawe kwa sabuni, asilambe vidole kuonja, na yatakayobaki yasinywewe na watoto wa nyumbani bila kuchemshwa.

Je, yachemshwe kwa mwana-punda? Hapana. Hapa ndipo mtu mwangalifu anakosea kwa sababu ya uangalifu wake. Tumefundishana miaka mingi tuchemshe maziwa, na kwa binadamu ni sawa kabisa. Lakini dang'a ikichemshwa huganda kama yai, na askari wote hufa. Ipashe moto kwa kuweka chupa ndani ya maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono wako unakaa ndani bila kuungua, mpaka iwe na joto la mwili. Usiweke sufuria ya dang'a juu ya moto.

Kiasi gani? Punda wetu wa Turkana ni wadogo, na mtoto wake huwa na uzito wa kilo kumi na tano hivi, huyu zaidi, huyu pungufu. Mtoto wa kiasi hicho anahitaji karibu nusu lita ya dang'a nzuri ya punda katika saa nane za kwanza. Kama ni ya ng'ombe ongezeni, mfike mpaka karibu lita moja katika saa kumi na mbili. Lakini tumbo lake ni dogo, usimpe yote mara moja. Chukua chupa ndogo ya soda ya mililita 300, mpe theluthi moja yake, ngoja saa moja, mpe tena. Anza saa hiyo hiyo, usingoje wazee wakutane.

Namna ya kumnywesha ina hatari yake, pengine kubwa kuliko hiyo dang'a yenyewe. Mtoto asimame, au alale kifudifudi juu ya kifua chake, kamwe asilale ubavu. Kichwa kikae kama anavyonyonya mama yake, pua ikinyoosha mbele na juu kidogo, si kukunjwa nyuma kama tunavyomnywesha mbuzi dawa. Tumia chuchu ya mpira ya kondoo au ya mtoto, tundu lisiwe kubwa. Mwache avute mwenyewe. Usibinye chupa. Maziwa yakitoka puani au akikohoa, acha mara moja, maana yameanza kuingia mapafuni, na mtoto wa namna hiyo hufa kwa nimonia hata kama dang'a ilikuwa safi. Kama hana nguvu ya kuvuta, weka kidole safi mdomoni. Mdomo ukiwa baridi, kwanza mpashe moto mwili: mkaushe kwa gunia, mweke mahali pasipo na upepo wa usiku, mkumbatie. Kama ni mchana, jua letu nalo linaua, basi mweke kivulini. Akipata joto na bado havuti, usilazimishe. Huyo anahitaji daktari wa mifugo wa kupitisha mpira mwembamba puani mpaka tumboni, kazi ambayo sisi wa kijiji hatuifanyi kwa kubahatisha.

Vitu ambavyo si badala ya dang'a ni hivi: maziwa ya kopo, maziwa ya unga ya watoto, uji, maji ya sukari, chai, na maziwa ya mbuzi aliyezaa mwezi uliopita. Baadhi yake ni chakula, lakini havina askari. Sukari ya dukani ni mbaya zaidi, kwa sababu tumbo la mwana-punda mchanga haliwezi kuisaga, na inamharisha.

Tuseme saa ishirini na nne zimepita na hakupata kitu. Je, tumwache? La. Kuna njia moja iliyobaki, ambayo ni maji ya damu ya punda au farasi mzima kuwekwa kwenye mshipa wake na daktari. Si rahisi kuipata kwetu, lakini ulizeni ofisi ya mifugo ya kaunti Lodwar, maana kutoka Kakuma ni kilomita kama mia na ishirini kwa lami, na simu ni karibu zaidi. Wengi watabaki na usafi tu kama kinga yao. Mahali pakavu, pasipo na kinyesi cha mbuzi. Chupa na chuchu zichemshwe kila mara (hizo chemsheni sana!). Kitovu kichovywe kwenye iodini mara akizaliwa na mara kadhaa siku hiyo na ya pili. Msikifunge kwa uzi mchafu wala kukipaka majivu au mavi.

Kitovu kinatufikisha kwenye ugonjwa ambao Kiswahili chenyewe kimeuita kwa jina la mnyama huyu: pepopunda. Punda na farasi ni wepesi sana kushikwa nao kuliko ng'ombe. Dang'a ya punda aliyechanjwa pepopunda mwezi mmoja hivi kabla ya kuzaa humkinga mtoto wake. Dang'a ya ng'ombe asiyechanjwa msiitegemee kwa kinga hiyo. Kwa hiyo mwana-punda aliyelelewa kwa ya ng'ombe, mwambieni daktari wa mifugo hivyo wazi wazi, ili aamue kama atamchoma sindano ya kinga ya pepopunda siku za kwanza.

Baada ya siku ya kwanza, swali linakuwa ni maziwa ya kulea. Maziwa ya punda ni mepesi na matamu: mafuta yake ni machache, utamu wake wa asili ni mwingi kuliko wa ng'ombe. Maziwa ya mbuzi wana-punda huyapenda na huyavumilia, na kwetu mbuzi ndio waliopo. Ukitumia ya ng'ombe, yachemshe, yaache yapoe, ondoa mafuta juu, kisha changanya sehemu mbili za maziwa na sehemu moja ya maji yaliyochemshwa, na katika kila lita weka vijiko vinne vidogo vya glukosi ile ya unga ya madukani. Ni glukosi, si sukari, tumeshasema. Wiki ya kwanza mpe kila saa moja au mbili, usiku na mchana, jumla lita moja na nusu kwa siku kwa mtoto wa kilo kumi na tano, na kuongeza polepole mpaka ifike mara mbili ya hapo siku ya kumi. Ndiyo, usiku pia. Hapa ndipo kikundi kinashinda mtu mmoja, kwa sababu hakuna mama anayeweza kuamka kila saa peke yake na kesho achote maji.

Wafugaji wa Afrika Mashariki wanajua ujanja wa kumvisha ndama yatima ngozi ya ndama aliyekufa ili mama aliyefiwa amkubali. Kama kuna punda jike aliyepoteza mtoto wiki hii, jaribuni hivyo, mkimshika kichwa siku za kwanza. Mkifaulu, mmepona usingizi wenu.

Mtu anaweza kuuliza: kazi yote hii kwa punda mmoja? Hebu tuhesabu. Punda jike huzaa mtoto mmoja tu, na mimba yake hukaa karibu mwaka mzima, wakati mwingine miezi kumi na mitatu au zaidi. Mbuzi katika muda huo angezaa mara mbili. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilikuta Kenya ina punda kama milioni 1.8. Ile ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2. Katikati hapo yalifunguliwa machinjio manne ya punda kwa ajili ya ngozi na nyama za kupeleka nje, moja likiwa hapa hapa Lodwar, na wizi wa punda ukaenea. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Februari 2020, mahakama ikaondoa marufuku 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima kwa miaka kumi na tano. Tena, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na kila mtu aliyepita barabara ya Lodwar aliona mizoga. Kwa hesabu hiyo, anayepoteza mwana-punda leo hataipata nafasi nyingine kabla ya mwaka ujao au zaidi, na mtungi utabebwa na kichwa cha nani? Cha mama, au cha binti aliyetolewa shule.

Basi kikundi kifanye nini kabla ya siku yenyewe? Andikeni kwenye daftari punda wote wenye mimba na mwezi mnaodhani watazaa. Hilo halina gharama. Mkijua kwamba punda wawili wanazaa mwezi mmoja, mnajua pia dang'a iko wapi. Nunueni chuchu mbili za mpira na chupa ndogo ya iodini, zikae kwa mweka hazina pamoja na kisanduku cha pesa. Na kama kuna mwanakikundi au jirani mwenye friza inayofanya kazi kweli, kwa mfano mfanyabiashara wa samaki wa Lodwar, mwombeni nafasi ya chupa mbili tatu. Dang'a iliyogandishwa vizuri hukaa mwaka. Katika friji ya kawaida hukaa siku chache tu, na kwenye kibuyu, kwa joto letu, haifiki hata jioni. Jazeni chupa kidogo kidogo, mililita mia mia, mwandike tarehe na aina ya mnyama. Ya kutoa kwenye friza iyeyushwe kwa maji ya vuguvugu, na ikishayeyuka isirudishwe.

Friji ya chanjo ya zahanati msiiombe. Kila ikifunguliwa chanjo za watoto wenu hupata joto, na nesi akiwakatalia, amefanya vizuri.

Jambo la mwisho, tuliloulizwa na mzee mmoja aliyelea mwana-punda kwa chupa mpaka akakua. Anasema sasa punda huyo anamfuata mpaka ndani ya nyumba, anamwuma mgongoni kama mchezo, na anapiga wageni mateke. Ni kawaida, mzee. Mtoto aliyelelewa na watu tu hudhani yeye ni mtu. Tangu wiki ya kwanza awekwe karibu na punda wengine, watu wampe chupa na kuondoka, wasicheze naye kama mbwa. Kwa huyo wako tayari ni mkubwa. Mfunge na punda jike mzee mwenye hasira, atamfundisha.